Hakuna Mwezi wa Ishirini na Tano

Kwa miaka mitatu niliandika majina ya watu kila siku ya Mungu, na hapa sitaandika hata moja. Mtu asidhani ni woga. Ninaowasema ni watu wangu, nimekula kwao, watoto wao wananiita anti, na wakiyasoma haya watajijua bila kuonyeshwa kidole.

Kazi ilikuwa ya shemeji, mume wa dada yangu. Alikuwa na kazi ya ofisini Nairobi, na kando ya hiyo alitafuta kibarua cha mtandaoni kama nusu ya Kitengela. Mmarekani mmoja alikuwa na tovuti ya michezo, na alitaka kila siku ya mwaka iwe na ukurasa wake: ni wanamichezo gani walizaliwa tarehe hiyo, na ni jambo gani la kukumbukwa lilitokea viwanjani kwao tarehe hiyo. Alituma orodha ndefu za majina na tarehe. Kazi ya shemeji ilikuwa kuzipanga siku kwa siku, kutafuta habari zaidi, na kuandika kila ukurasa uwe hadithi fupi ya kusomeka.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa kwa wazazi Kajiado mwaka mzima nikituma barua za kuomba kazi. Dada akanipigia simu, akasema nihamie kwake Kitengela, nimsaidie na watoto huku nikitafuta kazi, maana Nairobi ni hapo tu. Nilikuja na begi moja. Huyu ndiye dada aliyenifundisha kusoma kabla sijaenda shule, tukiwa tumelala kitanda kimoja, akinipitisha kwa kidole kwenye gazeti lililobandikwa ukutani kuzuia vumbi. Angeniambia nije tukauze shanga Namanga ningekuja vilevile.

Wiki ya pili nilimkuta shemeji mezani akinung'unika. Alisema Mmarekani wake ametuma orodha iliyojaa makosa ya kuchapa, nusu ya tarehe hazina maana, na zote hizo amezifuta. Nikasogea nikaangalia. Kilichoandikwa 7/4 alikiweka tarehe saba mwezi wa nne, kama ambavyo mtu yeyote aliyesoma Kenya angefanya. Lakini waliokuwa na 3/19 au 12/25 aliwatoa, kwa sababu kalenda yake haikuwa na mahali pa kuwaweka. Kazi ya mwezi mzima alikuwa ameshaituma hivyo. Kwa orodha yake, Marekani yote haikuwa na mwanamichezo hata mmoja aliyezaliwa baada ya tarehe kumi na mbili, na sikukuu yao ya uhuru ilikuwa imehamia Aprili, pamoja na mechi zake zote.

Nikamwambia, "Shemeji, hakuna mwezi wa ishirini na tano. Hawa watu huanza na mwezi."

Alihesabu kwa midomo. Halafu akacheka mpaka akashika tumbo, nami nikacheka, dada akatoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka kutushinda. Tulikuwa na raha siku hiyo, sitawanyima hilo. Asubuhi yake shemeji alipoenda kazini aliniachia kompyuta na neno la siri. Baada ya hapo nafikiri aliandika kurasa mbili, na mojawapo niliirudia. Zilizobaki zote, Januari mpaka Desemba, ziliandikwa na mimi.

Lazima niseme kwa nini niliipenda kazi ile, maana mimi mpira wenyewe siujui. Babangu alikuwa karani wa kuandikisha vizazi na vifo Kajiado. Alitoka Magharibi akiwa kijana, akapewa meza, wino na kitabu kikubwa, na maisha yake yote alikuwa akiuliza watu walizaliwa lini. Mzee wa Kimaasai alikuwa akifika kumwandikisha mtoto aliyekwisha kuota meno yote, na tarehe hana, ila anakumbuka kwamba wiki hiyo aliuza fahali mwekundu sokoni. Basi Baba alikuwa akitoka na yule mzee mpaka soko la mifugo kuwauliza madalali fahali mwekundu wa fulani aliuzwa lini. Wenzake na madalali walimcheka. Yeye alisema mtu akiandikwa vibaya mara moja ataishi hivyo vibaya mpaka kaburini.

Na alikuwa na sheria moja ya kazi tuliyoijua nyumbani kama sala ya chakula. Kosa la kalamu halifutwi wala halipakwi rangi nyeupe. Unalikata kwa mstari mmoja, lisomeke bado, unaandika sahihi juu yake, unaweka saini yako na tarehe. Daftari zetu za shule tulizisahihisha hivyo hivyo, walimu wakadhani tuna kichaa.

Kwa hiyo nilipopewa orodha ya Wamarekani wasionihusu, niliwahudumia kama watu waliopanga foleni kwa Baba. Asubuhi watoto wakishaenda shule nilifagia, nikaosha vyombo kwa yale maji yetu ya chumvi ya kisima, yanayokataa sabuni, kisha nikakaa kwenye meza ya kulia chakula. Niliandika habari za mwanaspoti mweusi wa kwanza kukubaliwa katika ligi kubwa ya besiboli ya wazungu enzi hizo, ambaye namba ya jezi yake siku hizi hakuna timu inayoruhusiwa kumpa mchezaji mwingine. Niliandika juu ya vijana wa chuo walioenda kwenye barafu na magongo wakawafunga Warusi ambao dunia nzima iliwaogopa. Kulikuwa na mpiga besiboli mnene, maarufu kupita wote, ambaye aliishi miaka mingi akisherehekea siku ya kuzaliwa isiyo yake, mpaka alipoenda kutafuta pasipoti akaonyeshwa cheti. Huyo nilimsomea Baba kwenye simu. Alifurahi sana, akasema kumbe hata huko makarani wana kazi.

Niliyempenda zaidi ni mwanamke wa marathoni. Zamani wanawake hawakutakiwa katika mbio zile, na yeye alijiandikisha kwa herufi za mwanzo za jina lake tu, wakadhani ni mwanaume. Alipokuwa anakimbia, msimamizi mmoja akamrukia barabarani kumng'oa namba mgongoni. Akamkwepa, akamaliza mbio. Ukurasa ule niliuandika mara nne, kwa sababu kila mara nilikuwa nikimkasirikia yule mwanaume mpaka Kiingereza kinaharibika.

Halafu kuna ile raga yao ya kuvaa helmeti. Timu ikishinda, wachezaji humnyemelea kocha kutoka nyuma na kummwagia pipa zima la kinywaji baridi mbele ya watu. Shemeji aliposoma alisema wazungu ni washenzi. Nikamkumbusha kwamba sisi tunammwagia maji kila mtu siku yake ya kuzaliwa, hata bosi, hata bibi harusi, na hatuna hata kikombe cha kuonyesha. Habari hiyo ya kocha niliiweka kwenye ukurasa wa siku yangu mimi ya kuzaliwa, kwa sababu mechi mojawapo ya namna hiyo iliangukia hapo. Ilikuwa bahati, na niliichukua kama zawadi.

Mwaka wa tatu Mmarekani akasema kurasa zimependwa na anataka kuzifanya kitabu. Jina la shemeji litakuwa juu ya jalada pamoja na lake. Hapo ndipo nikasema neno langu la kwanza. Sikuomba jalada. Nilimwambia shemeji, dada akiwa ameketi hapo, kwamba ningependa jina langu liwe mahali fulani ndani, hata kwa herufi ndogo, hata nyuma kabisa. Kazi nilikuwa bado natafuta, na kila nilikoenda waliniuliza nimefanya nini tangu nitoke chuo. Lakini nisijisingizie hekima. Nilitaka tu liandikwe. Mimi ni mtoto wa karani.

Shemeji akasema hilo si hata la kuuliza. Wiki zikapita, nikauliza tena, akasema Mmarekani ndiye anayepanga. Kisha ikabaki dibaji, ambayo shemeji mwenyewe aliiandika, ofisini kwake, na dada akaipitia Kiingereza kwa sababu yeye ni mwalimu wa Kiingereza. Nilimwona mezani na kalamu yake nyekundu. Nikamuuliza kama nipo.

"Mtoto wa mama, uko ndani," akasema. "Nimekuona kwa macho yangu."

Nikampigia Baba. Baba akawaambia majirani, akamwambia mchungaji, akawaambia hata madalali wa ng'ombe waliokuwa wakimcheka zamani. Mama alisema ameanza kusafisha kioo cha kabati ili kitabu kionekane.

Kitabu kilifika siku yangu ya kuzaliwa, au tuseme waliamua kifike siku hiyo. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa naanika nguo uani nikasikia watoto wanacheka nyuma yangu kile kicheko cha kubana pua, nikajua, lakini sikugeuka, maana ukigeuka unaharibu. Dada akanimwagia beseni zima kichwani. Watoto wakamalizia na vikombe. Maji yakaniingia mdomoni, nikayaonja, na hayakuwa ya chumvi. Yalikuwa maji matamu, yale ya kununua kwa mtungi, tunayopikia chai na kunywa tu. Kitengela mtu hamwagi maji matamu. Kwa siku za kuzaliwa zote nilizokaa pale tulitumia ya kisima, hata ya shemeji mwenyewe. Nilimuuliza dada kama amerukwa na akili, akasema leo ni siku kubwa, akanikumbatia na umajimaji wangu wote akaloa na yeye. Nilifurahi. Huo ndio ujinga wangu na ninauandika kama ulivyokuwa: nilifikiri napendwa mpaka kwa maji matamu.

Kitabu kilikuwa mezani kimefungwa kwa karatasi ya maua. Nikakausha mikono kwa leso, nikakifungua kwanza ukurasa wa siku yangu. Kocha alikuwepo na pipa lake, neno kwa neno nilivyoandika. Nikaenda nyuma kabisa, hakuna. Nikaenda mbele kwenye shukrani. Alishukuriwa Mungu, Mmarekani, dada, na mtandao wa simu kwa mzaha. Nikaenda kwenye dibaji, na hapo ndipo nilipojikuta.

Shemeji alieleza kwamba kazi haikuwa rahisi. Mwanzoni, alisema, alimpa mtu wa nyumbani kwake tarehe azipange, na jina alilomwita kwa Kiingereza ni msichana wetu. Msichana huyu hakujua kwamba Wamarekani huanza na mwezi. Kwa mwezi mzima Wamarekani wote wakazaliwa kabla ya tarehe kumi na tatu, na uhuru wao ukahamia Aprili. Ilibidi amketishe chini na kumwambia kwa upole kwamba hakuna mwezi wa ishirini na tano. Tangu siku hiyo, alisema, aliona heri afanye kila kitu mwenyewe, na yule msichana akabaki na kazi ya kuwatuliza watoto.

Sijui nchi nyingine, lakini Kenya ukisema msichana wetu hakuna anayeuliza binti yako ana miaka mingapi. Kila mtu anajua umesema yaya, mtu wa kufua na kupika, anayelala kwenye kitanda cha watoto. Si tusi. Ni kazi, na wanaoifanya ni watu kamili walioandikishwa na mama zao. Mimi pia nilifua pale na kupika na sikuona haya. Lakini kurasa zangu zote alizichukua yeye, na kosa lake, lile moja tu, akanipa mimi. Na hata hilo hakulitia jina.

Mmarekani, kwa taarifa yako, alielewa vingine. Kwenye ujumbe aliotuma na kitabu alimsalimia binti wa shemeji na kusema mtoto asihuzunike, hata watu wazima huchanganya tarehe.

Shemeji alikuwa akisikia nikifungua kurasa, akaona afadhali akaangalie gari lake. Nikabaki na dada. Nilikuwa bado nachuruzika, kuna dimbwi chini ya kiti. Nikamwonyesha ule mstari, nikamuuliza aliusoma lini. Hakujifanya hajui. Alisema aliusoma na kalamu mkononi, akasahihisha alama ya koma.

"Si nilikuambia uko ndani?" akasema.

Nilimtazama nikitafuta kama ni mzaha. Hakuwa anatania. Alikuwa amechoka, na nywele zake zilikuwa zimeloa kwa kunikumbatia. Alinieleza taratibu, kama anavyoeleza watoto wa darasa la nne, kwamba shemeji anatafutiwa cheo ofisini na kitabu kitamsaidia, kwamba jina la pili likiwepo watu watauliza nani hasa aliandika, na kwamba mzaha ule wa tarehe ni wa kuchekesha tu, watu hupenda dibaji ya kuchekesha. Mimi ni ndugu, nitaelewa. Yeye atafanya nini, ni bwana yake.

Nikamuuliza kwa nini basi aliniambia nimpigie Baba. Akasema hakuniambia nimpigie, nilijipigia mwenyewe. Na hilo ni kweli, ndiyo maana liliniuma zaidi.

Shemeji sikumkasirikia sana, nasema kweli. Mtu aliyewafuta nusu ya Wamarekani kwa sababu hawaingii kwenye kalenda yake, kunifuta mimi ni kazi ndogo. Lakini dada alinijua. Alikuwa na kalamu nyekundu mkononi na jina langu analijua kuliko neno lolote, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuliandika kwenye ukingo wa lile gazeti, herufi kwa herufi, akinishika kidole. Angeweza kulikata lile neno msichana kwa mstari mmoja. Aliona koma.

Jumatatu nilichukua begi langu na nakala moja ya kitabu, nikapanda basi la barabara ya Namanga mpaka Kajiado. Dada alinifungia mkate na mayai ya kuchemsha. Niliyapokea, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha nje, miwani ameshavaa. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi alimsalimu sopa kwa Kimaasai, Baba akamjibu na kumwambia huyu ndiye binti yangu wa kitabu. Akakichukua kwa mikono miwili. Akaniuliza niko ukurasa gani, na mimi, badala ya kusema, nikaenda kumsaidia Mama kuchambua mboga. Nilimsikia akigeuza karatasi. Alianza jalada, kama karani, akaenda mstari kwa mstari. Mama alikuwa ananiuliza habari za watoto na nilikuwa namjibu, na masikio yangu yote yalikuwa nje.

Aliponiita alikuwa na kidole kwenye dibaji. Lile tukio la tarehe alikuwa analijua, nilimsimulia kwenye simu siku ilipotokea, tukacheka. Kwa hiyo hakuniuliza ni nani aliyekosea. Aliuliza kama shemeji aliandika haya akiwa mzima wa akili. Nikasema ndiyo. Akauliza kama dada yangu aliyaona kabla hayajachapwa. Nilitaka kumdanganya. Huyo ni binti yake wa kwanza, ndiye anayempeleka hospitali, ndiye anayemjazia gesi. Nikasema aliyasoma, akasahihisha koma.

Mimi nikaingia ndani, nikarudi na ile kalamu yake ya wino aliyopewa alipostaafu, nikamwomba afanye kama alivyotufundisha. Akate mstari mmoja juu ya lile neno, aandike jina langu, aweke saini na tarehe. Nakala moja tu, nikamwambia, hii ya kabati la Mama. Nililia nikisema hivyo, mtu mzima mimi.

Alifungua kalamu. Akaishika juu ya karatasi, na nikaona jinsi alivyokuwa amekaa ofisini miaka ile yote. Kisha akaifunga akanirudishia.

"Kinachosahihishwa ni kosa," akasema. "Hili si kosa."

Akafunga kitabu, akakiweka chini kando ya mguu wa kiti, akamwita Mama, akamwambia aache kusafisha lile kabati.